Umetoka jeshini, ulikuwa huduma za kinga: kazi gani inakungoja uraiani?

Miezi kadhaa iliyopita, msikilizaji wetu mmoja wa Bweranyange alitutumia ujumbe kwenye kipindi cha asubuhi. Alikuwa amestaafu jeshi na kurudi nyumbani. Kwa miaka mingi kazi yake kambini ilikuwa kupima maji, kukagua majiko, kusimamia vyoo na kupambana na mbu. Alitaka kujua kama anaweza kuajiriwa kuwa bwana afya wa kata.

Tulimjibu hewani kwa haraka. Tulisema abebe vyeti vyake, aende halmashauri, watampokea kwa sababu wataalamu hawatoshi. Akapanda pikipiki hadi Kayanga, akasubiri, akarudi bila chochote. Aliambiwa mambo matatu ambayo sisi hatukuyasema: nafasi za kazi hutangazwa na kuombwa kwa utaratibu maalumu, umri una kikomo, na kazi ya afisa afya ina usajili wake. Akatuandikia tena, kwa adabu, kwamba tumemgharimu nauli na siku nzima ya shamba.

Alikuwa na haki. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa siku ile. Tumeiandika kwa ajili yake na wengine wa Karagwe na Kyerwa waliovua sare, na kwa familia zenye mtu anayekaribia kuvua.

Huduma za kinga jeshini ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia tiba jeshini wanafikiria daktari na majeruhi. Lakini kila jeshi lina watu ambao kazi yao ni kuzuia askari asiugue. Wanahakikisha maji ya kunywa ni salama, chakula hakileti kuhara, choo hakiko karibu na kisima, mbu na panya wanadhibitiwa, chanjo zinatolewa kwa wakati, na mtu wa kwanza kuugua homa ya ajabu anaonekana mapema.

Umuhimu wake ulijulikana kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa hapa Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918, wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Vita vya Pili vilipokuja, Waafrika wa nchi zetu walifundishwa kazi za afya katika Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha 1945, baadhi yao walichukuliwa na idara za afya za kiraia.

Kwa hiyo anachokiomba msikilizaji wetu si kitu kigeni. Njia ya kutoka kambini hadi kijijini iliwahi kupitwa zamani. Siku hizi ina mageti mengi zaidi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu Kagera

Mkoa wetu unajua magonjwa ya mlipuko. Mwaka 1897 ugonjwa ulioitwa rubwunga ulikuwa ukiua watu Kiziba, na daktari wa jeshi la Wajerumani, Zupitza, alitumwa kuuchunguza. Mwanasayansi Robert Koch alithibitisha kuwa ulikuwa tauni. Wenyeji walikuwa na maarifa yao tayari: panya wakianza kufa ndani ya nyumba, hama. Jambo hilo tutalirudia huko mbele.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu. Kambi ya Benaco kule Ngara ilijaa kwa siku chache, na Karagwe nayo ilipokea watu. Wazee wanakumbuka jinsi maji na vyoo vilivyogeuka kuwa suala la kufa na kupona.

Na hivi karibuni tumepata Marburg mara mbili. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa huo Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 walifariki kabla ya kutangazwa umekwisha, tarehe 2 Juni mwaka huo. Tarehe 20 Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Watu 10 walifariki, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 13 Machi. Mara zote mbili, kazi iliyozima moto ilikuwa ya kinga: kutafuta waliokutana na mgonjwa, kuwafuatilia kwa siku 21, kunawa mikono, na kuzika kwa usalama.

Sisi tunapakana na Uganda na Rwanda, na watu huvuka kila siku kwa biashara na kwa undugu. Mtu anayejua kazi hii akikaa nyumbani bila kutumika, hasara si yake peke yake.

Kazi ni ile ile, majina ni mengine

Tatizo la kwanza ni lugha. Mwajiri wa kiraia hajui maana ya cheo chako wala kombania yako. Anajua kazi. Hebu tafsiri hivi:

- Ulipima maji na kuyatia klorini kambini? Uraiani hiyo inaitwa usalama wa maji.
- Ulikagua jiko, ghala la chakula na afya ya wapishi? Hiyo ni ukaguzi wa usalama wa chakula. Hoteli, shule za bweni, hospitali na viwanda vinaihitaji.
- Ulisimamia uchimbaji wa vyoo na uteketezaji wa taka? Hiyo ni usafi wa mazingira.
- Ulipuliza dawa ya mbu, ulitega panya, ulipambana na kunguni? Hiyo ni udhibiti wa wadudu na wanyama waharibifu.
- Uliandika daftari la wagonjwa na kutoa taarifa homa zilipoongezeka? Hiyo ni ufuatiliaji wa magonjwa.
- Uliangalia moshi, kelele, kemikali na ajali kazini? Hiyo ni afya na usalama mahali pa kazi.

Chukua daftari, andika kila kazi uliyofanya kwa jina lake la kiraia. Ndipo utajua unatafuta nini.

Geti la kwanza: cheti na usajili

Hapa ndipo wengi hukwama. Tanzania ina Baraza la Usajili wa Wataalamu wa Afya ya Mazingira, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huwezi kufanya kazi ya afisa afya wa mazingira kwa sababu tu ulifanya kazi kama hiyo kambini. Unahitaji elimu inayotambuliwa na jina lako liwe kwenye rejista.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili: mafunzo yangu ya jeshini yalinipa cheti gani?

Kama ulisoma chuo kinachotambuliwa na NACTVET, au chuo kikuu kinachotambuliwa na TCU, una cheti ambacho uraiani kinasomeka. Jeshi lenyewe lina chuo cha sayansi za tiba pale Lugalo, Dar es Salaam. Tafuta cheti halisi pamoja na matokeo yake, kisha uliza Baraza kuhusu usajili. Angalia pia cheti ni cha fani gani, kwa sababu cheti cha utabibu au uuguzi hakikufanyi kuwa afisa afya wa mazingira. Kila fani ina baraza lake.

Kama ulipata kozi fupi za ndani tu, za wiki au miezi michache, hizo zinaonyesha uzoefu lakini hazikupi usajili. Ukitaka kuwa bwana afya au bibi afya kamili, itabidi urudi darasani. Habari njema ni kwamba chuo kipo mkoani kwetu: Chuo cha Afya ya Mazingira Kagemu, Bukoba. Kipo kingine Ngudu, Mkoa wa Mwanza. Wanaoanzia ngazi ya cheti wanaangaliwa ufaulu wa kidato cha nne, hasa masomo ya sayansi kama Biolojia na Kemia. Vigezo hutangazwa na NACTVET kila mwaka, kwa hiyo soma vya mwaka unaoomba. Usitegemee vya mwaka aliosoma jirani yako.

Kama kazi yako ilikuwa zaidi ya mikono, kwa mfano kufunga mabomba ya maji au kujenga matangi na vyoo, kuna njia fupi zaidi. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti cha ufundi. Ulizia VETA Kagera ni fani zipi zinapimwa na ni lini.

Tunapata pia maswali kutoka kwa vijana waliotoka JKT ambao walipangiwa usafi au jikoni. Vijana wetu, hiyo si taaluma bado. Lakini kama mlipenda kazi hiyo na matokeo ya sayansi mnayo, Kagemu ni mlango wenu, na nyinyi umri unawaruhusu.

Geti la pili: umri na ajira ya serikali

Hili tulipaswa kulisema wazi tangu mwanzo. Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na huombwa kwa mfumo wake wa mtandaoni. Matangazo yake kwa kawaida husema mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45. Husema pia kwamba aliyestaafishwa katika utumishi wa umma haruhusiwi kuomba isipokuwa awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Kwa hiyo kama umevua sare ukiwa na miaka 36, una cheti na usajili, omba. Kama una miaka 52, usimalize akiba yako ukifuata ajira ya kudumu serikalini. Mlango huo kwako ni mwembamba sana, na afadhali uambiwe mapema kuliko kuambiwa baada ya safari tano za Kayanga.

Kwa wanaoomba, angalia mambo madogo yanayoangusha wengi. Majina kwenye vyeti vyote, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa yafanane, na kama hayafanani, pata hati ya kisheria ya jina. Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili. Na kuomba kupitia mfumo huo ni bure. Yeyote anayekupigia akisema tuma pesa kwenye namba fulani jina lako lipite, huyo ni tapeli, hata akijitambulisha kwa cheo gani.

Milango mingine iliyo wazi

Nje ya ajira ya serikali kuna kazi, na kwa mstaafu huenda huko ndiko kwenye nafasi kubwa zaidi.

*Migodi, viwanda na miradi ya ujenzi.* Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, na OSHA ndiyo inayokagua. Kambi ya wafanyakazi ina mahitaji yale yale ya kambi ya askari: maji, jiko, vyoo, mbu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga linapita mkoani kwetu, Missenyi kuna kiwanda cha sukari, na jirani zetu wa Geita wana migodi. OSHA hutoa mafunzo ya usalama kazini. Ukiyaongeza juu ya uzoefu wako, unasomeka vizuri.

*Mashirika ya misaada.* Kambi za wakimbizi mkoani Kigoma zimeajiri watu wa maji na usafi kwa miaka mingi. Mikataba ni mifupi, na fedha za wafadhili zikipungua kazi hukoma. Nenda ukijua hilo.

*Kufukiza wadudu.* Nyumba za wageni, maghala ya kahawa na maharage, shule za bweni, wote wana kunguni, mende, panya au fukusi. Lakini kununua pampu na dawa hakutoshi. Viuatilifu vinasimamiwa na TPHPA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kufukiza kibiashara kunahitaji kibali. Dawa ya ghala ikitumiwa vibaya huua watu waliolala chumba cha pili. Wewe uliyefundishwa kuvaa kinga na kusoma lebo una faida kubwa mbele ya mtu anayebahatisha.

*Maji ya kijiji.* Tangu RUWASA ianze mwaka 2019, miradi mingi ya maji vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumia maji, vile tunavyoviita CBWSO. Vinahitaji watu wanaojua kutunza chanzo, kutia klorini kwa kipimo na kuandika kumbukumbu. Malipo ni madogo, pengine hakuna. Lakini ndiko watu wanakokuona ukifanya kazi.

*Afya ya jamii.* Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikia zaidi ya 137,000 nchi nzima. Huchaguliwa na jamii yao kisha hufundishwa. Fuatilia matangazo kwenye ofisi ya kijiji na usome vigezo, ukiwemo umri.

Kuandika wasifu wako

Wasifu wa mwanajeshi wa zamani mara nyingi huwa orodha ya vyeo na vikosi. Mwajiri akiusoma haambulii kitu. Andika kazi, kiasi na matokeo.

Usiandike: "Nilikuwa koplo, kombania ya tiba." Andika: "Kwa miaka saba nilisimamia usalama wa maji na ukaguzi wa majiko mawili, nikifundisha wapishi usafi kila mwezi."

Kama ulikwenda misheni ya kulinda amani, Darfur, Lebanon au Kongo, itaje. Inaonyesha umefanya kazi mahali pagumu pamoja na watu wa mataifa mengine. Lakini andika kazi, usiandike siri. Idadi ya askari, silaha na mpangilio wa kambi havina nafasi kwenye barua ya maombi.

Na kabla hujaondoka kikosini, omba karatasi zako. Hati ya kumaliza utumishi, vyeti vya kozi zote, barua ya kiongozi wako inayoeleza kazi uliyofanya. Ukiwa ndani ni rahisi kuvipata. Ukiwa tayari Bweranyange, kila karatasi ni safari.

Jambo gumu kuliko yote: amri imebaki kambini

Kambini jiko likiwa chafu unalifunga, na mpishi anasema ndiyo afande. Kijijini, mama anayeuza rubisi kwenye kibuyu kisichooshwa ni shangazi yako. Mwenye choo kilichobomoka ni mzee aliyekuposea mke. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua na kuchukua hatua, na kuna siku lazima itumike. Lakini ukianza na faini, kesho watakuona unakuja na kufunga mlango.

Wakati wa mlipuko, hilo ni hatari. Familia inayomwogopa bwana afya humficha mgonjwa. Ugonjwa kama Marburg ukifichwa nyumba moja unaingia nyumba tatu.

Turudi kwa watu wa Kiziba na panya. Madaktari walikuja na darubini, lakini wenyeji walikuwa wameshajua dalili ya hatari na wameshapata namna ya kujiokoa. Anayekuja kijijini na utaalamu aanze kwa kuuliza: nyinyi hapa mmeona nini, na huwa mnafanyaje? Watu wakiona maarifa yao yameheshimiwa, wanasikiliza na ya kwako. Ujuzi wa kupima klorini unao. Huu wa kukaa kwenye benchi na kuuliza ndio wa kujifunza upya, na hauna chuo.

Kiinua mgongo si cha majaribio

Neno fupi kwa familia. Fedha ya kustaafu ikiingia, kila mtu anakuwa na wazo la biashara. Kabla ya kununua mashine za kufukizia au kulipa ada, fahamu gharama ya kibali, muda wa masomo na nani hasa atakuwa mteja wako. Zungumza na mwenza wako kwanza. Shamba la migomba na kahawa linaloendelea kulisha nyumba wakati wewe unatafuta njia mpya ni akiba bora kuliko pikipiki ya mkopo.

Kwa kifupi, fuata hatua hizi

1. Kusanya karatasi zako zote kabla ya kuondoka jeshini.
2. Andika kazi zako kwa majina ya kiraia.
3. Hakikisha cheti chako kinatambuliwa na NACTVET au TCU, kisha uliza usajili kwenye Baraza.
4. Kama huna cheti, amua: kurudi chuo, kupimwa VETA, au njia isiyohitaji usajili.
5. Angalia umri wako kabla ya kufuata ajira ya serikali.
6. Anza kuonekana kijijini: maji, shule, zahanati.
7. Usimlipe mtu yeyote kwa ahadi ya kazi.

Msikilizaji wetu yuko wapi sasa?

Umri wake ulishapita kikomo, kwa hiyo ajira ya kata hakuipata na hataipata. Tulimwambia hivyo safari hii bila kuzunguka. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza habari ya kibali cha kufukiza wadudu, akaanza kukifuatilia.

Wakati anasubiri, wanakijiji wamemchagua kwenye chombo chao cha maji. Halipwi. Anawafundisha kina mama wanaoteka maji kwamba ukishatia dawa ndoo unaifunika na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa, na kwamba kikombe cha kutekea kisilale chini. Anasema siku ya kwanza alitoa maelezo kama anakagua gwaride, wakamcheka. Siku ya pili aliketi.

Kama nawe ulitoka jeshini ukiwa kwenye huduma za kinga, au una mtoto anayetaka kusomea afya ya mazingira, tuandikie kwenye kipindi. Na safari hii hatutakujibu kabla ya kuuliza kwanza.